Kibandiko Chekundu

Ilikuwa nadra Balagizi kurudi nyumbani bila kibandiko cha kazini kilichonata kwenye mkono wa koti. Alifanya kazi ya kubandika vibandiko katika ghala moja la Buffalo, Marekani. Mkewe, Nzigire, alikuwa akikibandua kibandiko mlangoni na kuitazama rangi yake. Cha kijani, sanduku liende dukani. Cha njano, lihamishiwe rafu nyingine. Chekundu, limeharibika, likasagwe.

"Leo wamekupatia nyekundu, Papa Aline," alimwambia siku hiyo. "Kesho watakusaga."

Alicheka, lakini hata kucheka kulimchosha. Nzigire alikuwa na saratani ya uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kila wiki alichomwa sindano ya dawa iitwayo bortezomib. Miezi miwili ilipita, na kipimo cha ugonjwa kwenye damu hakikushuka. Daktari alisema wangojee kipimo kimoja zaidi. Kisiposhuka, wangeiacha dawa hiyo na kutafuta nyingine. Binti yao Aline, aliyeolewa Louisville, alikuwa na mimba changa, na Nzigire alikuwa ameapa kumpokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe, si kwa simu.

Balagizi naye hakuwa mtu wa kukaa ameshika tama. Aliamini dawa kali huacha sumu mwilini, na sumu haina budi kuoshwa. Kaka yake Cikuru, aliyekaa Columbus, alimtumia kopo la chai ya kijani ya unga. Basi kila asubuhi alichemsha maji, akakoroga vijiko vitatu, akajaza chupa ya chai. Siku ya sindano ndipo alipozidisha. Nzigire alikunja uso, akanywa. Mume huyu alikuwa na mapenzi ya kweli na ubishi wa kweli, na viwili hivyo vikikutana mgonjwa hana pa kukimbilia.

Hospitalini, muuguzi aliwahi kuuliza kupitia mkalimani wa simu kama mama anatumia dawa yoyote ya nyumbani. Balagizi alijibu hapana. Chai si dawa. Kwao Bukavu, kule Kongo, nani aliwahi kumhesabia daktari vikombe vya chai?

Jumamosi moja Winifrida alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa Mtanzania aliyekaa Kenmore, jirani na Buffalo, mfamasia, na walisali naye kanisa moja. Alitoa shikamoo, na Balagizi akaitikia marahaba kwa fahari ya mtu aliyejifunza neno hilo ukubwani. Kisha akammiminia mkewe chai na kueleza kazi ya chai hiyo. Winifrida alilichukua kopo, akalisoma, akalirudisha mezani taratibu.

"Mzee, mama anakunywa hii hata siku za sindano?"

"Kila siku. Bon, siku ya sindano ninamuongezea, ili sumu itoke."

Winifrida hakumgombeza. Alikiona kile kibandiko chekundu alichokiacha Nzigire mezani, akauliza ni cha nini. Alipoelezwa, alitabasamu.

"Basi, mzee, mwilini mna maghala kama lako. Tunayaita seli, ni madogo, hayaonekani kwa macho. Kila seli inatengeneza protini, nazo ndizo zinazofanya kazi zake. Protini ikishatengenezwa, seli inaweza kuibandika kibandiko. Kibandiko chenyewe ni protini ndogo, wataalamu wanaiita yubikwitini. Kikibandikwa hivi, protini inahamishwa. Kikibandikwa vile, inaanza kazi au inaacha. Vikifuatana kama mnyororo, mara nyingi maana yake ni—"

"Nyekundu," Nzigire alisema. "Ikasagwe."

"Hasa, mama. Kila seli ina mashine ya kusaga."

Akamuuliza Balagizi kinachotokea ghalani mashine ya kusaga ikikwama. Balagizi aliikumbuka siku kama hiyo: masanduku mabovu yalijaa mpaka mlangoni, kazi yote ikasimama. Winifrida akaeleza kwamba seli za saratani hii hutengeneza protini kupita kiasi, kwa hiyo zina takataka nyingi kuliko nyingine. Dawa ya Nzigire huikwamisha mashine yao, nazo husongwa na takataka zao zenyewe mpaka zife. Lakini ndani ya chai ya kijani mna kitu ambacho, maabarani, kimeonekana kuikamata dawa hiyo kabla haijaifikia mashine. Chai hiyo si sumu kwa watu wengine, ila mgonjwa anayetumia dawa hii huambiwa aiache.

Balagizi alikiondoa kikombe mbele ya mkewe.

"Donc," alisema, "ni mimi njo nilikuwa ninazitengenezea seli hizo mashine yao isikwame. Kila asubuhi."

"Hukujua, mzee. Lakini sasa unajua, na daktari bado hajui."

Aibu ilimshika. Alitaka kuimwaga ile chai kimyakimya, yaishe. Nzigire akakataa. Kama daktari hajui, alisema, ataitupa dawa akidhani imeshindwa.

"Utamuambia wewe mwenyewe," alimwambia mumewe. "Mimi ninataka kuishi."

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Balagizi alikichukua kibandiko chekundu, akakibandika kwenye kopo, na Jumatatu akaliweka mbele ya daktari. Alieleza yote, bila kuruka kijiko. Daktari alimshukuru. Alisema hawezi kuapa kwamba kosa ni la chai peke yake, ila dawa ile ile ijaribiwe tena bila chai hiyo. Tangu siku hiyo, kila walichotaka kumpa Nzigire, hata majani ya kuchemsha, waliuliza kwanza.

Mwezi uliofuata kipimo kilishuka. Kikashuka tena. Aline alipojifungua, daktari alikuwa ameshawaruhusu kusafiri.

Wodini Louisville, Nzigire alimpokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye kifundo cha mguu wa mtoto palikuwa na utepe mdogo wa hospitali, wenye maandishi.

"Wewe njo fundi wa vibandiko," alimwambia mumewe. "Soma, wamemuandika jina gani?"

Balagizi aliinama. Alisoma, akafuta macho, akasoma tena kwa sauti.

"Nzigire," alisema.