Shairi la Mama Mkubwa Nililoliharibu

Nina miaka hamsini na tisa, mjane, mwalimu mstaafu hapa mjini Baraka. Wasomaji wenzangu, jambo hili sijawahi kulisimulia hata kanisani...

Dada mkubwa wa mama yangu, Mama Nyasa, aliishi kijiji cha Lweba. Baada ya vita vya waasi, askari wa serikali walimchukua mume wake kwenda kumuuliza maswali. Hakurudi! Hakukuwa na barua, hakukuwa na kaburi.

Tangu siku ile mama mkubwa aliacha soko, akaacha misa, akaacha kutembelea watu. Alilima muhogo nyuma ya nyumba, akirudi ndani anaandika mashairi katika daftari za shule. Yote yalihusu kitu kimoja: kungoja. Shati lisilovaliwa. Sahani ya pili mezani.

Hakutoka, lakini wanawake walimfuata. Kila Jumapili mchana walikaa chini ya dirisha lake, naye akawasomea akiwa ndani. Wengi wao pia walikuwa wamepoteza waume. Walisema, “Nyasa analia kwa ajili yetu sote.” Sifa yake ilifika hadi vijiji vya mbali kama Lubondja.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafundisha Baraka, na nilitamani sana kuwa mkuu wa shule. Ndipo wakubwa wa chama wakatuagiza wimbo wa kumpokea mgeni wao. Chama kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho serikali, nani angekataa?

Nilikosa maneno... Nikakumbuka shairi la mama mkubwa:

Mume wangu, njia unaijua,
nyumba bila wewe ni baridi.

Nikabadilisha maneno machache tu. “Mume wangu” likawa “Kiongozi wetu.” “Nyumba” ikawa “nchi.” Watoto wakaimba wakicheza, mgeni akapiga makofi mpaka akasimama! Akauliza nani ametunga. Kwa ujinga wangu nilimtaja mama mkubwa. Nilidhani ninampa heshima!

Wiki ile ile walikwenda Lweba na kipaza sauti. Wakamtangaza mshairi wa chama, wakamwachia mlangoni kitenge chenye picha ya kiongozi.

Jumapili iliyofuata, hakuna mwanamke aliyekuja dirishani. Wala ile nyingine...

Nilipokwenda kumwona, alinifungulia mlango nusu.

“Ni we ulibapatia batu ba chama shairi yangu?”

“Ni mi, mama mukubwa. Nilizani utafurahi.”

“Mutoto wangu, bale balibeba bwana yangu... ni bale unabaimbia maneno nilimuandikia ye?”

Akaingia ndani, akaleta daftari zote, akanipa mikononi.

“Beba. Mi siandike tena.”

Na kweli hakuandika tena hata mstari mmoja. Mimi nilipewa ule ukuu wa shule. Wanawake nao, waliodhani amejiunga na chama, niliogopa kuwaambia ukweli, maana maneno kama hayo yangefika kwa wakubwa. Nilinyamaza miaka tisa! Miaka tisa ile dirisha lake halikufunguliwa.

Alikufa peke yake. Jirani aligundua kwa sababu muhogo wake ulikuwa umeanikwa siku tatu bila kuanuliwa.

Kwenye mazishi nilipata ujasiri. Nilisimama, nikaungama kila kitu mbele ya watu. Mama mmoja aliyekuwa akikaa dirishani aliniambia, “Sasa ndio unasema? Ye hasikie tena.”

Nikafungua daftari nisome shairi lenyewe, walau wamjue alivyokuwa. Nikasoma, “Mume wangu, njia unaijua...”

Kabla sijaendelea, wasichana niliowafundisha ule wimbo zamani wakaitikia kwa mazoea, kwa sauti nzuri kabisa: “Nchi bila wewe ni baridi!”

Hawakukosea kwa ubaya. Ndiyo maneno waliyoyajua.

Ndugu zangu, nawasihi... Uchungu wa mtu msiuchukue kununulia cheo. Na mkikosea, semeni siku ile ile, yeye akiwa bado anasikia!