Aliyebebwa Kabla ya Mvua

Mtu wa mwisho aliyebebwa na Hajara kabla ya mvua alikuwa mwepesi kupita kiasi.

Mvua za Tororo hazipigi hodi. Wingu huchomoza nyuma ya ule mwamba mkubwa, mwanga wa alasiri hugeuka rangi ya shaba, na kabla hujaanua nguo radi imekwisha kupasuka juu ya kichwa chako. Basi katika nyumba ya wasiojiweza, ghala kuukuu la pamba ambalo Sista mmoja wa misheni alilipaka chokaa na kulitia vitanda, kazi kubwa ya kila alasiri ilikuwa hiyo: kuwaingiza ndani mbio mbio wote waliotolewa uani kuota jua. Wenye kutembea walishikwa mkono. Wasioweza walibebwa mgongoni.

Hajara alichuchumaa penye nguzo ya mwisho ya baraza, macho yake yako kwenye wingu. Alihisi mtu nyuma yake.

"Haya, panda," akasema bila kugeuka. "Panda twende nyumbani."

Mikono miwili ikamzunguka shingo, mikavu, baridi. Akaingia, akainama penye mkeka wa pembeni ili mtu ashuke, akakimbilia madirisha kuyafunga.

"Nani amebaki nje?" akamuuliza Mangeni, mwenzake wa kazi, Msamia wa Busia aliyerudi kutoka kupigana na Wajapani katika vita vya Bama, mwenye kifua kama pipa.

"Abaki nani? Mimi nimemwingiza mgonjwa wa mwisho, Ikwap, uwanja ukawa mtupu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa nabeba mtu pale nguzoni?"

Mangeni akacheka. "Nguzoni hakuna mtu, dada. Nimekuona unakuja umeinama peke yako. Nikasema, masikini, binti wa Busia mgongo umemshinda kabla ya kuolewa."

Hajara akautazama mkeka. Ulikuwa mtupu. Ulinuka mbegu za pamba zilizolowa na kuoza, na pamba haikuwa imeingia ghalani humo tangu kabla ya vita.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu, na sababu yake iliitwa Mutwalibu.

Mutwalibu alikuwa mdogo wake. Homa ya utotoni ilimkausha miguu, ikamwachia maneno machache na akili ya mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima. Mama yao alipofariki, kaka yao mkubwa Nasifu, mwenye lori la kubeba samaki na chumvi, alisema nyumbani kwake Busia hapana nafasi. Yuko mganga Tiira, akasema, karibu na mashimo ya dhahabu, anawapokea watu wa namna hiyo. Hajara alikwenda kutazama. Aliwakuta wamekaa uani juani, kila mmoja mguu wake umepenyezwa kwenye tundu la gogo, na nzi wakitembea usoni mwao bila wa kuwafukuza. Akarudi akamwambia Nasifu, "Huko haendi. Nitampeleka Tororo, na mimi nitafanya kazi huko huko."

Nasifu alikubali kwa shingo upande. "Lakini nikisikia fujo yoyote, namchukua. Tiira kuna dawa. Tororo kuna chokaa tu."

Kesho yake Hajara alipombeba bibi Athieno, ambaye hakuwa mzito kuliko kuku, ilimbidi aegemee ukuta.

"Umebeba Athieno au gunia la chumvi la kaka yako?" Mangeni akamtania.

Siku iliyofuata uzito ulizidi. Sista alisema ni malaria, akampa kwinini. Na Mutwalibu, ambaye alipenda kubebwa kuliko kula, ambaye kila akibebwa alimpiga dada yake begani kama ngoma huku akicheka, siku hiyo aliikumbatia nguzo akakataa.

"Njoo, Mutwa. Mvua hiyo."

Mutwalibu alitazama juu ya bega la dada yake.

"Huyo ashuke kwanza," akasema.

Tangu hapo hofu ikaenda nyumba nzima. Wasiosema walilia Hajara alipowakaribia, wasioona waligeuza nyuso zao ukutani, na kila alipopita kati ya vitanda ile harufu ya mbegu zilizooza ilimfuata, ikampita, ikamngoja mlangoni, na alipoketi kula alisikia pumzi nyingine ikienda pamoja na yake, akivuta inavuta, akitoa inatoa, mpaka siku moja alijaribu kuzuia yake asikie kama ile nayo itakoma, na haikukoma.

Jamaa wa Ikwap walikuja kumchukua mtu wao. Habari zikafika Busia. Alasiri moja lori la Nasifu likasimama uani, na pamoja naye alishuka Mwalimu Wahabi, mzee wa chuo cha Kurani aliyejulikana kwa kusomea watu wenye mashetani.

Mwalimu alisoma mpaka sauti ikamkauka. Alifukiza ubani, na moshi haukupanda juu; ulimzunguka Hajara kiunoni, ukapanda mgongoni, ukajipinda mabegani mwake kama mtu aliyekaa. Mangeni, aliyeona maiti za vita, alitoka nje.

"Ulimwambia nini ulipomchukua?" Mwalimu akanong'ona.

"Panda twende nyumbani."

Mzee akafunga msahafu taratibu. "Aliyevamia hufukuzwa, mwanangu. Aliyekaribishwa huagwa. Muage kwa neno atakalolikubali. Mimi neno hilo silijui."

"Basi imekwisha," Nasifu akasema. "Mutwalibu, lori linangoja."

Nyuma ya mwamba wingu lilikuwa limechomoza. Hajara akapiga magoti mbele ya mdogo wake, kwa umbali kidogo, maana uzito haukumruhusu kusogea zaidi.

"Mutwa, huyu anataka nini?"

Mutwalibu alichezesha midomo, akitafuta neno.

"Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kuwekwa chini. Mwambie kama unavyoniambia mimi."

Hapo Hajara akakumbuka. Kila alipomlaza, Mutwalibu hakumwachia shingo mpaka asikie neno moja.

Akatoka barazani akijikokota. Akachuchumaa penye nguzo ya mwisho, na uzito ukamlemea kana kwamba mwamba wenyewe umemkalia, mikono ikakaza, kidevu chenye ubaridi kikatulia sikioni mwake, radi ikapasuka, naye akafumba macho akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto:

"Nitarudi."

Kidole kimoja kililegea. Kisha kingine. Kisha mvua ikanyesha, na Hajara akasimama wima.

Nasifu alimtazama, akamtazama Mutwalibu. Alivua kofia yake, akaivaa tena. "Akae," akasema. Lori likaondoka bila mtu nyuma.

Jua liliwaka siku kadhaa. Jamaa wa Ikwap walimrudisha. Mangeni akarudia utani wake. Kisha alasiri moja anga likageuka shaba, wakaingizana ndani mbio, na Hajara akambeba Mutwalibu mwisho, mdogo wake akiwa mwepesi kama siku zote, akipiga ngoma begani. Mangeni akakomea mlango.

Mvua ilipoanza walisikia kitu barazani. Kiganja kikipiga saruji, pa, halafu mburuzo. Pa, halafu mburuzo. Kama mtu asiye na miguu anayejivuta kuelekea mlangoni.

"Mungu wangu, tumemsahau nani?" Mangeni akauliza.

"Hakuna. Wote wapo."

Mburuzo ukafika kizingitini, ukakoma. Ile harufu ikapenya chini ya mlango, na kitanda kwa kitanda kilio kikaanza.

"Dada," Mutwalibu akasema polepole, "ulisema utarudi."

Hajara alivitazama vitanda. Alimtazama mdogo wake, miguu ile miwili myembamba ambayo haikuwahi kuonja gogo la Tiira. Akajifunga leso kiunoni, akaikaza.

"Mangeni, nifungulie. Nikitoka, ukomee."

Nje mvua ilikuwa nyeupe. Hajara hakugeuka kutazama. Alichuchumaa penye nguzo ya mwisho, mikono magotini, kama wachuchumaavyo wabebaji, akangoja uzito.