Kona ya Saranda

Kila asubuhi Tusekile alikuwa na kazi tatu. Kwanza alichota maji kijitoni, debe moja kichwani. Pili alifagia uwanja wa mama yake. Tatu alikimbia hadi shuleni kukagua reli yake kabla ya kengele, na kwa kazi hiyo ya tatu hakuhitaji kuamshwa wala kutumwa.

Ilikuwa mwaka 1954, na Mbeya haikuwa na reli hata ya hatua moja. Aliyetaka kuona treni alipanda basi la Reli, yaani la shirika lenye treni, akapita Chunya, akapita Makongolosi, akala vumbi mpaka Itigi. Tusekile, msichana wa Iyunga mwenye miaka kumi na miwili, hakuwahi kufika huko. Hata hivyo alijua habari za reli kuliko mtu yeyote shuleni. Alijua kwamba Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam na kwamba ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikiwa mlangoni. Alijua stesheni kwa mfuatano: Itigi, Manyoni, Saranda, Kintinku, Bahi, Dodoma. Alizitaja kama wengine wanavyosali Baba Yetu.

Yote hayo alifundishwa na mjomba wake, Sedekia. Mjomba Sedekia alifanya kazi ya njia ya reli miaka tisa, akarudi Iyunga kulima viazi, huku akichechemea. Watu walisema aliacha kazi kwa sababu ya mguu, na yeye hakuwajibu.

Reli ya Tusekile ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya darasa la tano. Aliijenga pamoja na Anania, mvulana wa darasa lake, mtoto wa seremala Danieli aliyehamia kutoka upande wa Iringa. Reli zenyewe zilikuwa fito za mianzi zilizopasuliwa na kulainishwa kwa kisu. Mataruma, yaani vile vipande vya kulaza chini ya reli, yalikuwa vijiti vya mkaratusi. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la samaki, na mabehewa matatu yalikuwa makopo ya maziwa. Magurudumu yote kumi na sita aliyachonga Anania kwa mbao ngumu katika karakana ya baba yake. Treni haikuwa na moto wala mvuke. Uliiachia juu, Itigi, ikateremka yenyewe hadi chini, Kintinku. Katikati palikuwa na kona kali, kwa sababu Mjomba alisema reli ya kweli hushuka mlima kati ya Manyoni na Saranda kwa kujipindapinda.

Mjomba aliwapa sharti moja tu.

"Mwanzi mbichi msiutumie," alisema. "Ukikauka unajikunja. Utundikeni darini jikoni, juu ya moto, wiki tatu. Unywe moshi mpaka uwe kahawia. Hapo ndipo mnaweza kuuita reli."

Mwalimu Eliezeri aliipenda kazi ile, akatoa ahadi mbele ya darasa. "Siku ya Wazazi, treni ikifika chini bila kuanguka, wajenzi wake wawili nitakwenda nao Itigi wakati wa likizo. Nimekwisha kusema na dereva wa basi."

Usiku huo Tusekile hakula. Alikuwa ameshiba Itigi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Siku ya Wazazi, mbuzi wa jirani waliingia shuleni wakakanyaga kona ya Saranda. Fito nne zilivunjika. Darini jikoni kwa mama yake Tusekile hapakuwa na fito nyingine. Tusekile alisimama akawatazama mbuzi wale kwa hasira ya kuweza kuwachinja. Kisha akachukua panga, akaenda kijitoni, akakata mwanzi mbichi. Aliupasua hukohuko. Ulikuwa wa kijani kama jani la mgomba, na maji yake yalimchuruzika mkononi.

Sasa sikiliza alivyofanya. Alirudi nyumbani, akakwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta kidogo, akazipaka zile fito mpaka zikawa kahawia. Zikafanana kabisa na zilizokaa darini.

Anania alipokuja kuzipigilia, aliinua moja akaitazama.

"Hizi umezitoa darini?"

"Ndiyo."

"Wiki tatu?"

"Wewe ni mjomba wangu? Pigilia!"

Anania akapigilia.

Ijumaa jua liliwaka. Jumamosi liliwaka zaidi. Saa nne wazazi walikuwa wamejaa mteremkoni, akina mama wamekaa majanini, akina baba wamesimama na kofia zao. Seremala Danieli alisimama mbele kabisa, na kila aliyekuwa karibu naye aliambiwa, "Magurudumu yale ni kazi ya mwanangu." Mjomba Sedekia hakuwepo. Alikuwa akichimba viazi, maana lori la kuvichukua lilikuwa linakuja siku hiyo.

Tusekile aliiachia treni. Ilitoka Itigi vizuri. Ikapita Manyoni, makopo yakilia kwa pamoja, watoto wakashangilia. Ikaingia kwenye kona. Kichwa kikaruka kama panzi, mabehewa yakakifuata, na treni nzima ikabingirika hadi miguuni mwa mke wa mchungaji.

Watu wakacheka.

Tusekile aliona kona. Aliona fito zake zimejikunja na kuachana, moja imeinua kichwa kama nyoka. Aliona na kuelewa. Hasira ikampanda kutoka miguuni, na kwa kuwa hakutaka kuielekeza mahali ilipostahili, aliielekeza kwa aliyekuwa karibu.

"Magurudumu yako!" alimfokea Anania. "Nilijua tu! Umechonga ovyo, umetuaibisha!"

"Magurudumu yangu ni sawa! Nimeyapima moja moja!"

"Basi kwa nini imeanguka?"

Anania akayatazama magurudumu yake. Alikuwa hajui.

Mwalimu Eliezeri alikuwa na aibu mbele ya wageni, na mtu mwenye aibu hatafuti ukweli, anatafuta wa kumchapa. Hakuinama kutazama reli. Alimshika Anania mkono, akamchapa fimbo nne pale pale. "Mwana wa seremala unachonga magurudumu ya kilevi? Itigi huendi. Treni imeanguka kwa kosa lako, si la Tusekile. Yeye atakwenda na Fanueli aliyesuka vikapu."

Watoto wakacheka tena. Seremala Danieli akavaa kofia yake, akaondoka bila kumuaga mtu.

Tusekile angeweza kusema neno moja. Hakulisema. Angalia vizuri hapo, msomaji. Alikuwa na kinywa, alikuwa na pumzi, na alinyamaza.

Jumatatu, shule nzima ilimwita Anania "Kilevi." Alimngoja Tusekile njiani, macho mekundu.

"Baba amenipokonya randa. Amesema nisiguse chombo chochote cha karakana mpaka niwe na akili. Ameniambia nimemtia aibu mbele ya watu wa Mbeya, wataacha kumpa kazi."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Niambie ukweli. Zile fito zilikaa darini?"

"Unanisingizia mimi!" Tusekile alipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. "Umeshindwa kuchonga, unatafuta wa kumbebesha! Niondokee!"

Alitembea haraka hadi nyumbani. Mtu mwenye kosa akipaza sauti, mara nyingi anataka asijisikie mwenyewe.

Nyumbani alimkuta Mjomba Sedekia amekaa kwenye kigoda, na kwenye magoti yake ameweka ufito mmoja wa ile kona. Alikuwa amepitia shuleni kuona ajali.

"Ndaga, Mjomba. Shikamoo," alisalimia kwa Kinyakyusa na Kiswahili.

"Marahaba. Kaa."

Mjomba alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua ufito. Kidole kikawa cheusi, na ufito ukawa wa kijani.

"Moshi hautoki kwa mate," alisema. "Haya ni masizi. Nani alipaka?"

Tusekile akatazama chini.

"Nimekuuliza, mpwa wangu."

"Mimi."

"Na aliyechapwa ni nani?"

"Anania. Lakini Mjomba, mbuzi ndio walio..."

"Mbuzi!" Mjomba alisimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka. Tusekile hakuwahi kumwona hivyo. "Mbuzi walipaka masizi? Mbuzi walisema magurudumu ni mabovu? Ungeniambia mwanzi umekatika, ningekucheka, tungengoja wiki tatu, basi! Reli huharibika kila siku. Ndiyo maana tulilipwa kuitengeneza!"

Alivuta pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, na ilitisha zaidi.

"Unajua kwa nini niliacha Reli?"

"Mguu."

"Mguu huu uliumia, nikafanya kazi nao miaka miwili. Sikuacha. Nilifukuzwa. Tulikuwa genge la watu wanane na nyapara. Kila asubuhi nyapara alitakiwa kutembea kipande chetu chote na kugonga kila mahali kwa nyundo. Siku moja mvua ilinyesha, akabaki kitandani, akatoa habari kwamba njia imekaguliwa. Mchana behewa la ng'ombe likaacha reli. Mzungu alipokuja kuuliza, nyapara alininyooshea kidole mimi. Akasema, 'Kipande kile ni cha Sedekia, hakukaza boliti.' Mimi nilikuwa nimezikaza. Wenzangu saba walijua. Walitazama chini kama unavyotazama wewe sasa."

Tusekile akainua macho.

"Hilo behewa limekwisha kusahaulika," Mjomba aliendelea. "Mimi sijasahau. Kila nikichimba viazi namwona yule nyapara. Sasa narudi kutoka shambani namkuta nyumbani kwa dada yangu, amevaa gauni la shule."

Tusekile alianza kulia.

"Machozi yako hayamsaidii Anania. Simama. Tunakwenda kwa Danieli."

"Kesho, Mjomba. Nitamwambia mwalimu kesho."

"Kesho utamwambia mwalimu. Leo utamwambia baba yake. Tangulia."

Karakana ya Danieli ilinuka mbao na gundi. Seremala alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti. Anania alikuwa nje, akiokota vipande vya kuni, kazi ya mtoto wa miaka mitano.

"Baba Anania," Tusekile alisema. Mjomba alibaki mlangoni, akamwachia aseme mwenyewe. "Magurudumu yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeweka mwanzi mbichi. Niliupaka masizi ili usijulikane. Anania aliniuliza, nikamdanganya."

Seremala aliacha msasa. Akaweka mguu wa kiti chini.

"Watu wawili wameniambia watapeleka milango yao kwa fundi mwingine," alisema. "Kwa sababu mwanangu hawezi kuchonga duara. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua. Utakwenda kuwaambia?"

"Nitakwenda."

"Mmoja ni mkali."

"Nitakwenda, Baba."

Danieli alitoka nje. Aliita, "Anania! Acha kuni." Kisha akasema jambo ambalo lilimtoka kwa shida, maana wanaume wa aina yake hawalizoei: "Nilipaswa kuyazungusha magurudumu yale kwa mkono wangu kabla ya kukuhukumu. Sikufanya. Randa iko mahali pake."

Anania alipita mbele ya Tusekile bila kumtazama.

Kesho yake, kwenye mstari wa asubuhi, Tusekile alisimama mbele ya shule nzima akasema yote: mwanzi, masizi, uongo wa kwanza na uongo wa pili. Fanueli alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Mwalimu Eliezeri alikuwa ameshika fimbo. Wote walijua itakwenda wapi. Lakini aliitazama, akaiweka mezani.

"Fimbo nne za Anania nilizipiga mimi," alisema. "Nilipiga kabla ya kuinama kutazama. Anania, nimekukosea, na ninalisema mbele ya hawa hawa walioona ukichapwa. Itigi utakwenda wewe na Fanueli. Tusekile atabaki. Wakati wa likizo atang'oa reli yote na kuijenga upya peke yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Basi la Reli liliondoka alfajiri, na Tusekile alisimama kando ya barabara akaliona likipotea kwenye vumbi, limembeba Anania kwenda mahali ambapo Tusekile alikuwa akipaota tangu akiwa na miaka saba. Alijiuma mdomo mpaka ukamwuma. Hakuwa na wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haina mahali pa kuitupa. Akaichukua, akaenda nayo kazini. Alikwenda pia kwa wale wateja wawili. Yule mkali alimfokea mlangoni nusu saa, kisha akapeleka milango yake kwa Danieli.

Anania aliporudi, siku tatu hakusema naye. Siku ya nne alikuja mteremkoni, akasimama mikono nyuma.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nimekuja tu kwa sababu kona yako ni mbaya. Mataruma umeyaachanisha mno. Ya kweli yako karibu karibu. Nimeyahesabu."

"Yako karibu kiasi gani?"

"Sikwambii." Alichuchumaa. Alisogeza taruma moja, akasogeza la pili. Baadaye akasema bila kuinua uso, "Nipe nyundo. Unapiga kama unaua panya."

Walifanya kazi mpaka jioni. Anania alipoondoka, Tusekile alimkuta Mjomba Sedekia ameegemea ukuta wa darasa. Alikuwa amewatazama muda wote.

"Mjomba, atanisamehe lini?"

"Huo ni mzigo wake, usimharakishe. Mimi yule nyapara sijamsamehe mpaka leo. Unajua kwa nini? Hajaja. Angekuja na kusema maneno kumi tu, pengine tungelima viazi pamoja. Wewe umekwenda, na umekwenda kwa miguu yako. Sasa shika hili, mpwa wangu, ulipeleke uzeeni. Ukiharibu kazi, rudia kazi, hakuna aliyekufa. Lakini ukimtwika mwenzako kosa lako, hakuna mtu mwingine wa kulitua. Utalitua wewe, mchana kweupe, mbele ya watu wale wale waliokuona ukimtwika."