Mzigo wa Enoka

Rafiki yetu Enoka wa Manyamanyama hajui kutia chumvi. Alivuka kisiwa cha Ukerewe kwa miguu, akimtafuta dada yake aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa. Mgongoni alibeba mfuko wa muhogo mkavu, basi. Jioni ya siku ya tatu, akiwa hoi, alisikia jiwe la kusagia likikwaruza ndani ya nyumba yenye giza. Akapiga hodi.

“Karibu, mwanangu. Pole na safari. Lete mzigo,” ikaitika sauti ya bibi.

“Asante, bibi. Miguu imekwisha.”

Akapokewa mfuko, akalala palepale, jiwe likikwaruza.

Alfajiri aliona nyumba haina paa, majani yameota kati ya mafiga. Mfuko ulining'inia ukutani. Akaufungua. Muhogo wote ulikuwa unga, na bado una joto.