Wageni Waliopakwa Poda

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, Mama Pacha alikwenda bandani. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao na waya. Ndani yake walikaa kuku wake saba, aliowalea tangu vifaranga. Mayai yao aliyachukua mpika keki wa mtaa wa pili, na pesa iliyopatikana ilikuwa ya Mama Pacha mwenyewe. Hakumwomba mtu ruhusa kuitumia. Kwa hiyo kuku wale hakutaka mchezo nao.

Mkuu wao alikuwa tetea mwekundu aliyeitwa Bi Mkubwa. Yeye alikula kwanza, na wenzake walimpisha.

Asubuhi moja Mama Pacha alifungua banda akakuta kuku kumi, na wote weupe. Hata Bi Mkubwa alikuwa mweupe. Banda zima lilinukia kama chumba cha kunyolea nywele.

"Baba Pacha!" aliita. "Njoo hapa upesi!"

Mumewe alikuwa kinyozi aliyenyolea wateja barazani mwa nyumba yao. Kazi yake ilimfundisha kunyoa ndevu vizuri. Ilimfundisha pia kuamini kila neno la mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Alitoka na mswaki mdomoni, anatabasamu.

"Umewaona? Matetea watatu. Nimewapata sokoni jana jioni, bei ya kutupa."

"Na huo weupe?"

"Poda. Mteja wangu kaniambia kuku hujuana kwa harufu. Ukiwapaka wote harufu moja, wenyeji hawamjui mgeni ni nani. Nikawapaka, nikawaingiza giza lilipoingia. Wameamka ndugu."

Hawakuwa wameamka ndugu. Bi Mkubwa alikuwa amembana mgeni mmoja kwenye kona, anamdonoa kichwani mpaka damu. Mgeni wa pili alijibanza nyuma ya chombo cha maji. Wa tatu akapiga chafya.

"Huyu anaumwa," alisema Mama Pacha.

"Ni poda, mke wangu. Hata wateja wangu hupiga chafya."

Mama Pacha alitaka kuwatoa saa ileile. Lakini sare za shule zilikuwa zimerundikana mezani zikimsubiri, na mumewe aling'ang'ania: "Waache wazoeane." Akawaacha. Kila alipokwenda bandani alisikia chafya, na kila alipolalamika alijibiwa poda. Poda, poda, poda! Neno hilo lilimchosha kuliko cherehani.

Siku chache baadaye poda iliisha kwenye manyoya. Chafya hazikuisha. Bi Mkubwa akavimba uso mpaka jicho moja likafumba. Kamasi zenye harufu mbaya zikamtoka puani. Mayai yakapungua, na mpika keki akatuma mtu kuuliza kulikoni.

Hapo Mama Pacha hakungoja maoni ya mtu. Alimpigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye buti za mpira. Kabla ya kuingia bandani aliomba ndoo, akatia dawa, akaosha buti zake. Kisha akamshika Bi Mkubwa na kumwangalia macho na pua.

"Mafua makali ya kuku," alisema. "Humu kuna wageni?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe akatazama paa.

"Watatu," alijibu. "Ila niliwapaka poda."

"Uliwapaka nini?"

"Poda, daktari. Wawe na harufu moja."

Daktari alivuta pumzi ndefu. "Bwana kinyozi, kuku hujuana zaidi kwa macho. Humtazama mwenzake kichwani na kwenye kilemba chake chekundu cha utosini. Poda yako haikumdanganya kuku hata mmoja. Imewadanganya ninyi, mkadhani ugonjwa ni poda."

"Umesikia?" Mama Pacha alisema. "Umesikia hayo?"

"Nimesikia, mama."

"Basi, daktari, mgeni akija tumfanye nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Mgeni halali na wenyeji. Anakaa mbali na banda, mwezi mzima. Kuku anaweza kuonekana mzima leo, kumbe ana ugonjwa ambao haujajitokeza. Mpe vyombo vyake vya maji na chakula. Kila siku hudumieni wenyeji kwanza, wageni mwisho. Mkitoka kwa wageni, naweni mikono na msafishe viatu. Mwangalieni macho, pua na kinyesi. Mpekueni chini ya mabawa kama ana chawa. Na mniite nije kuangalia chanjo na dawa ya minyoo."

"Mwezi ukiisha tunamwingiza," kinyozi alisema.

"Una haraka gani wewe? Kwanza unaweka waya katikati. Waonane bila kugusana, kama wiki hivi. Kisha unawaachia pamoja mchana, penye nafasi, nawe upo. Weka vyombo vingi, mmoja asiwanyime wengine chakula. Watadonoana kidogo, wanapangana nani mkubwa. Ukiona damu, watenganishe. Na usimwingize mgeni mmoja peke yake. Wote watamwonea."

Aliacha dawa, akasema mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka atakaporuhusu. Lakini kwa Bi Mkubwa dawa ilichelewa. Alikufa, na wawili wakamfuata. Daktari alirudi na habari nyingine: waliopona wangeweza kuendelea kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili. Kila kuku mpya atakayechanganywa nao angekuwa hatarini. Lililo salama ni kuliondoa kundi lote na kuanza upya.

Mama Pacha alilia waziwazi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nisamehe, mke wangu," mumewe alisema.

"Nyamaza," alijibu. "Chimba."

Kinyozi alichimba shimo refu, wakawafukia waliokufa. Kundi lilipoondolewa, walisugua banda kwa sabuni na dawa, wakaliacha tupu lipigwe na jua. Wiki nyingi zilipita. Ndipo wakaleta mitemba watano, kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, waliochanjwa, wote kutoka kwa mfugaji mmoja. Baadaye wakaongeza watatu. Kinyozi mwenyewe aliwajengea kibanda kule mwisho wa uwanja, karibu na choo.

Sasa akawa kero ya namna nyingine. "Umenawa? Viatu hivyo umetoka navyo wapi? Wenyeji kwanza, Mama Pacha!" Alipiga kelele hizo hata ameshika wembe shingoni mwa mteja. Mama Pacha alitamani kumfungia yeye mwezi mzima. Lakini mwezi ulipita, na wiki ya waya ikapita, na wale watatu wakaingia bandani kwa kudonoana kidogo tu. Mayai yakarudi. Mpika keki naye akarudi.

Ndipo akaja wifi yake Mama Pacha, dada mkubwa wa kinyozi. Tangu utotoni kinyozi hakuwahi kumkatalia dada huyo kitu. Alikuja na kuku wawili wanono kwapani, akaenda moja kwa moja kuelekea bandani.

Kinyozi aliacha mteja na povu usoni, akakimbia kumzuia.

"Dada, nashukuru sana. Ila bandani hawaingii."

"Unanikatalia zawadi?"

"Zawadi nimepokea. Wanakaa kule mwisho, mwezi mzima."

"Kuku wangu ni wachafu, siyo? Mkeo ndiye kakufundisha!"

"Siyo yeye, dada. Ni mimi ninayekataa."

Wifi aliondoka bila hata kunywa maji. Jioni ile Mama Pacha alimwonea mumewe huruma, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Wiki haikuisha, kuku mmoja wa zawadi akaanza kukoroma. Uso ukavimba. Wa pili akafuata. Mama Pacha alimpigia daktari, kisha akampigia wifi yake.

"Wifi, hawa kuku walikuwa wazima?"

Wifi akasema taratibu, "Wenzao nyumbani walikuwa wanakufa. Nikaona niwaokoe hawa wawili."

"Jamani, wifi! Ungesema!"

"Ningesema, mngewapokea?"

Mama Pacha alikata simu. Alinawa mikono, akabadili viatu, akaenda bandani. Aliwashika wenyeji mmoja mmoja, akawatazama macho, akawatazama pua, akasikiliza pumzi zao. Alirudia tena toka mwanzo. Nyuma yake alimsikia mumewe amesimama nje ya waya, hathubutu kuuliza.

"Wote wazima," alimwambia.

Alingoja neno la kumlaumu mumewe limjie mdomoni, kama siku zote. Siku hiyo halikuja.