Amiri Aliyetaka Kufukuzwa

Enzi zile jembe la chuma lilipokuwa mahari na kaniki vazi la wenye cheo, nchi ya milima ya Mbaru ilitawaliwa na Mashombo, jeuri aliyelifunga bwawa la kumwagilia mashamba, akamfungulia maji amtakaye tu. Watu walipochoka, waliomba msaada kwa jirani zao wa Kwelondo. Ndipo amiri Shemdoe alipopanda na mikuki yake na ngao za ngozi ya nyati, akalivunja boma la jeuri huyo kwa vita vya asubuhi moja. Mashombo akakimbilia ng'ambo ya kilele, akawa anavizia.

Shemdoe hakuwa mporaji. Kwao watu walijitawala kwa baraza, naye aliapa hadharani kwamba hatarejea nyumbani mpaka Mbaru nayo ipate baraza linaloweza kusimama bila yeye.

Akaamuru viti vichongwe, vikapangwa bomani. "Chagueni wazee wenu, mko huru," akasema, huku askari wamejipanga ukutani ili pasizuke fujo. Watu wakayafuata macho yake. Aliyetazamwa naye ndiye aliyechaguliwa. Tena, ili asidhulumiwe mtu, akaweka askari bwawani wagawe maji, nao wakayagawa kwa haki isiyo na mfano.

Lakini baraza lilikuwa bubu.

"Wazee, ukuta wa ulinzi tuujenge wapi?"

"Pale upendapo, amiri."

"Mimi sipendi popote! Nataka mpende ninyi!"

"Basi nasi hatupendi popote," akajibu mzee mmoja kwa adabu kubwa.

Miezi ikapita. Mfereji wa kutoka bwawani ukajaa matope, hakuna aliyeuzibua. Kila ugomvi, hata wa mbuzi aliyekula magimbi, uliletwa kwa Shemdoe. Hatimaye wakamletea, kwa vigelegele, kigoda cha Mashombo.

Shemdoe akamgeukia Nakiete, mjane aliyeongoza msafara huo. "Mama, mmerogwa? Nimemfukuza mtu, mnanikalisha mahali pake?"

"Mwanangu, mgawa maji ndiye mtawala. Kwenu sivyo?"

"Na kabla ya Mashombo, nani aliyagawa?"

"Sisi wenyewe, tukizibua mfereji. Aliyetia jembe matopeni ndiye mwenye neno, na silaha huachwa nyumbani. Mashombo alitunyang'anya kwa ubaya, wewe ukatunyang'anya kwa wema. Sasa tuteremke matopeni kutafuta nini? Kambare?"

Shemdoe akawaondoa askari wote bwawani.

"Watauana hawa," akaonya Kilindo, naibu wake.

Kulipokucha, mfereji ulifurika watu na majembe. Matusi yalitangulia kazi.

"Wewe uliachishwa ziwa kwa maji ya wizi!"

"Na lako shamba halijaota kitu ila maneno!"

Tope likaruka, likampata mzee wa adabu kubwa usoni. Naye, adabu ikamtoka, akarudisha tope maradufu. Kilindo akakamata mkuki. "Tuingie, amiri?"

"Atakayeingia nitamzamisha kwa mkono wangu," akasema Shemdoe, jasho likimtiririka kuliko siku ya vita.

Jua lilipoinama, kelele zilikuwa zimegeuka hoja, na hoja zimekuwa makubaliano: zamu za maji, na zamu za kulinda njia ya kilele. Nakiete akapanda ukingoni, matope mpaka kiunoni.

"Baraza limeamua. Ninyi wageni mwondoke kabla maharagwe hayajachanua. Kunde zetu mmezimaliza."

"Na Mashombo je?"

"Unauliza kama nani, mwanangu? Jembe lako liko wapi?"

Shemdoe akacheka hata akaketi chini.

Walipokuwa wakiteremka bondeni, pembe ya vita ikalia kileleni nyuma yao. Kilindo akageuza ngao. Shemdoe akamshika mkono, uso umemsawijika.

"Hatukuitwa," akasema.

Wakasimama wakisikiliza vishindo vya rungu na ngao, mpaka vikanyamaza. Kisha vigelegele vya Mbaru vikashuka mlimani, na nyuma yake mjumbe akikimbia.

"Mashombo amefungwa kamba. Baraza lawasalimu, lawatakia safari njema, wala msirudi kuangalia."

Kilindo akavuta pumzi. "Tukifika nyumbani tuseme tumeshinda?"

"Sema tumefukuzwa," akajibu Shemdoe, akianza kuimba. "Tena useme kwa sauti."