Ovaroli ya Glody

Tantine Célestine, shangazi yangu, alinituma saa kumi na mbili na nusu jioni, nimpelekee Salum ovaroli yake. Ilikuwa Desemba 2018. Umeme ulikuwa umekatwa tena mtaa wetu wote wa Joubert Park na cherehani za duka letu zilikuwa zimenyamaza.

"Mpe mlangoni," aliniambia. "Usiingie ndani, Falonne. Rudi kabla giza halijashika."

Nilikubali upesi. Nilitaka kumwambia Salum uso kwa uso kwamba kaka yangu haendi naye popote.

Nilimdharau mtu huyo kabla sijajua lolote la kutisha juu yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza vikosi vya wabeba mizigo kwenye meli inayokwenda barafuni, chini kabisa ya dunia. Meli hiyo hupakia Cape Town wanasayansi, mafuta na chakula cha mwaka mzima, ikawapelekea watu wanaoishi kwenye kituo huko. Ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini Salum alivaa koti la meli katikati ya joto la Desemba, filimbi shingoni, akitaka hata wauza ndizi wamwite Kiongozi.

"Nimeongoza watu mahali ambapo hata shetani anavaa soksi mbili," alipenda kusema. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

Kwao ni Tanga, lakini vijana wa kubeba mizigo alikuja kuwatafuta kwetu Wakongo. Alisema sisi ni wagumu. Mimi niliona sababu nyingine: alichagua wasio na mtu wa kuwaulizia. Kaka yangu mkubwa Damien, yaya wangu kama tusemavyo kwetu, aliyelinda magari karibu na Park Station, alikuwa na sisi wawili tu, Tantine na mimi, na karatasi zetu za kukaa nchini zilikuwa zimeisha muda. Machoni pa Salum tulikuwa kama hatupo.

"Kule si nchi ya mtu," alimwambia Damien dukani kwetu. "Hakuna atakayekuuliza karatasi."

"Eish, Kiongozi, hata pengwini hawaulizi?"

"Pengwini wataniuliza mimi. Wewe beba tu."

Damien alicheka sana. Basi la kuwapeleka Cape Town lilikuwa liondoke Jumamosi. Tayari alikuwa amewaaga walinzi wenzake na kumpa mmoja wao viatu vyake.

Siku hiyo aliyokuja dukani, Salum alitueleza kuhusu kibao cha meli. Kila mtu ana kibati chenye jina lake, upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu. Ukishuka kwenda kwenye barafu unakigeuza chekundu. Ukirudi unakigeuza cheupe. Meli haiondoki mpaka vyote viwe vyeupe.

"Na kila mtu anageuza cha kwake," alisema, kidole juu, kama mwalimu. "Cha mwenzako hukigusi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Ni mimi ninayeisimamia."

Jumatatu akaleta ovaroli. Ya rangi ya chungwa, nene, nzito kama mtu aliyelala. Kifuani palikuwa na kitambaa cha jina: G. MWAMBA.

"Shoneni jina la Damien juu yake. La chini msilifumue. Umesikia, binti? Juu yake."

"Eh, Papa Salum," Tantine akasema, "jina juu ya jina? Litavimba kama jipu."

"Fanyeni nilivyosema."

"Na huyu Mwamba ni nani?"

"Aliacha kazi."

Aliondoka bila kutuaga.

Niliachiwa kazi hiyo mimi. Sikumaliza shule, lakini kushona najua, na kitambaa kile kilinikera. Jina lenyewe lilishonwa kwa mashine, vizuri. Halafu mtu alikuwa amezunguka kingo zake kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono mirefu iliyopinda, kama anayefunga gunia la viazi. Fundi hashoni juu ya uchafu wa mtu mwingine. Nikachukua wembe, nikafumua.

Kitambaa kilikuwa cha baridi.

Nje kulikuwa na jua kali. Kitambaa kilikuwa cha baridi kama samaki wa kwenye friji, na chini yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imelowa, imeandikwa maandishi mekundu nisiyoyajua. Ikanuka dizeli na sufu mbichi. Nikajua ni dawa ya mganga. Nikacheka peke yangu. Mwanaume mzima, kiongozi wa watu arobaini, anaficha vikaratasi kwenye nguo za vibarua.

Karatasi na kitambaa cha jina nikavitupa pamoja na vipande vya nguo. Gari la taka lilipita Jumatano.

Jina la Damien sikulishona. Niliacha kifua cha ovaroli kitupu, nikaikunja.

Sasa nilikuwa nayo begani, Alhamisi jioni, mbele ya jengo la Salum. Lifti ilikuwa imekufa. Mlinzi alikuwa amekaa nje kwenye kreti, anasikiliza simu.

"Ghorofa ya saba," akasema. "Pole."

Nikaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza watu walikuwa wanakaanga vitunguu kwenye jiko la gesi. Ya pili mtoto alikuwa analia. Ya tatu... kimya. Ya nne nikaanza kuona maji kwenye ngazi. Si mengi. Alama, moja kila ngazi, kama za mtu anayepanda bila viatu.

Ghorofa ya tano zilikoma.

Pale pale, katikati ya ngazi, zilikoma, miguu miwili sambamba. Kama mtu aliyesimama hapo muda mrefu, halafu hayupo.

Nilizipita nikiwa nimebana ukutani. Ovaroli ilikuwa imezidi uzito. Pumzi yangu ilitoka nyeupe.

Salum alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa amevaa koti, na juu yake blanketi. Akanivuta ndani kwa mkono. Chumba kilinuka mishumaa na jasho. Koti la Kiongozi, filimbi ya Kiongozi, na chini yake suruali ya kulalia yenye doa.

"Lete." Akaifungua ovaroli mezani, akapapasa kifua chake. Akapapasa tena. "Jina liko wapi?"

"Damien haendi," nikasema. "Nimekuja kukuambia."

"La chini liko wapi?"

"Nimelifumua. Ndivyo kazi inavyofanywa."

"Na karatasi?"

"Imeenda na taka."

Sikuwahi kuona mtu akizeeka mbele yangu. Alikaa kwenye kiti, akaanza kunong'ona, haraka haraka, akitazama mlango.

"Anakuja jioni tu. Wiki iliyopita alikuwa ghorofa ya tatu. Jana ya nne. Mganga wa mtaa wa Yeoville alisema ile karatasi aliyoishona chini ya jina itamkawiza, halafu jina la mtu mwingine lishonwe juu ya lake, mtu huyo aivae ovaroli, aende nayo kule. Hapo atamfuata huyo. Ataniacha mimi."

"Nani?"

"Glody."

Akanieleza. Ilikuwa Februari, siku ya mwisho ya kupakua mzigo. Dhoruba ilikuwa inakuja, rubani wa helikopta anapiga kelele, nahodha anauliza kama watu wote wamerudi. Kwenye kibao kibati kimoja kilikuwa bado chekundu. Mtu fulani alisema Glody yuko kitandani, amechoka, amesahau kugeuza. Chumba cha Glody kilikuwa sakafu mbili chini.

"Ningeshuka kwenda kumtazama," Salum akasema. "Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kiongozi anauliza-uliza? Nikakigeuza."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu." Akafuta pua kwa blanketi. "Tuligundua kesho yake kwamba hayumo melini; kitandani palikuwa na ovaroli yake ya akiba tu. Nikaandika kwamba alikunywa, akaanguka baharini. Binti, mwezi ule kule usiku ni kidogo sana. Nafikiri alikaa akingoja giza, ili aone taa za meli."

Nikamtazama mtu yule. Sakafu mbili tu. Mtu amekufa kwa sababu huyu aliona aibu kushuka sakafu mbili. Na sasa alitaka kumpeleka yaya wangu akalipe.

Akatoa sindano na uzi mweusi mfukoni.

"Shona. Damien tu, herufi sita. Bado mwanga upo kidogo. Nitawaombea karatasi za kudumu, wewe na mama yako."

"Si mama yangu. Ni shangazi."

"Shona, mwanangu."

"Shona mwenyewe jina lako. Wewe ndiye mwenye deni."

Alijaribu. Wallahi alijaribu, si jina lake bali la Damien. Alilamba uzi, akakosa tundu. Akalamba tena, akakosa. Mate yalikuwa yanamtoka kidevuni. Mtu aliyeongoza vikosi mwisho wa dunia hakuweza kutunga uzi kwenye sindano, na hakuwa na aibu kulia mbele ya msichana.

Kwenye ngazi, chini yetu, kitu kililia *chap*.

Mguu wenye maji.

*Chap.*

Salum aliangusha sindano. "Funga mlango," akanong'ona. "Funga, funga..."

Nikatoka. Sikuufunga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliuacha wazi, nikijua.

Kati ya ghorofa ya saba na ya sita nilikutana naye.

Sikuona uso vizuri. Giza lilikuwa limeshika. Kijana mrefu, mabega yamejikunja, mikono imefichwa makwapani kama mtu anayetafuta joto. Alivaa fulana tu. Dizeli na sufu mbichi vilinijaa puani. Akasogea ukutani ili nipite, kama alivyolelewa kufanya.

"Samahani, dada," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha Bukavu. Sauti ilitoka polepole, meno yakigongana. "Kiongozi anakaa mlango gani?"

Ningeweza kusema sijui.

"Mia saba na tatu," nikasema. "Uko wazi."

Nilifika chini sijui vipi. Mlinzi alikuwa bado na simu yake. Nilimuuliza kama alimwona mtu akiingia. Akatikisa kichwa.

Asubuhi walivunja... hapana, hawakuvunja, mlango ulikuwa wazi. Walikuta mishumaa, blanketi na filimbi. Sakafu ilikuwa imelowa, maji yakidondoka mpaka ghorofa ya sita, na wapangaji wa huko walipanda kumtukana wakidhani bomba limepasuka. Salum hakuwepo. Ovaroli pia. Mlinzi aliapa kwamba hakuna aliyetoka usiku ule. Polisi waliandika wakaenda. Meli ilipata kiongozi mwingine na ikaondoka kwa tarehe yake.

Kwa kadiri nijuavyo, hakuna aliyekuja kumuulizia Salum. Nilisubiri. Hata wauza ndizi hawakuuliza.

Damien alininunia wiki tatu. Alisema nimemharibia maisha kwa wivu na ushamba, na kwamba viatu vyake sasa vinavaliwa na mjinga mwingine. Nilimwacha aseme. Alikuwa amekaa mbele yangu, mzima, anakula ugali, anafoka mdomo umejaa. Hiyo ilinitosha. Inanitosha mpaka leo.

Tantine nilimweleza karibu yote. Alinipeleka kanisani, wakaniombea usiku mzima. Nilipiga magoti, nikasema amina. Simwonei Salum huruma na sikuweza kujifanya kwamba ninayo.

Lakini lipo moja ambalo sikumwambia Tantine wala mchungaji.

Pale kwenye ngazi, nilipokwisha kumwonyesha mlango, yule kijana hakupanda mara moja. Alinishukuru. Akasema ni muda mrefu hajajibiwa na mtu. Kisha akaniuliza, kwa adabu sana, mimi naitwa nani.

Na mimi, kwa kuwa aliuliza vizuri, nilimwambia. Jina langu, na la baba, na mtaa tunaokaa.